Mke wa Kwanza na Taifa la Kwanza

Dada yangu anashona majoho. Majoho ya wachungaji, ya kwaya, ya watoto wa kipaimara, hata ile mikanda ya zambarau ambayo maaskofu hujifunga viunoni. Ukimkuta kwenye cherehani amebana pini midomoni usihangaike kumsalimia, atakuitikia kwa nyusi. Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba, dirisha linatazama barabarani, na ukutani yananing'inia majoho matupu, meupe na meusi, kiasi kwamba mgeni akiingia ghafla huyaamkia kwanza kabla hajamwona fundi.

Mimi ni mdogo wake. Nasuka nywele nyumba ya jirani, na domo ninalo, sikatai. Nyumbani walizoea kusema Dada alirithi akili za mama na mimi nikarithi hasira zake. Uongo mtupu. Hasira zote alichukua yeye, ila zake alizikunja vizuri akaziweka kabatini pamoja na vitambaa vya watu, zikingoja siku ya kukatwa.

Mumewe ni mwinjilisti wa kanisa letu. Namwita Shemeji mpaka leo, kwa mazoea tu, maana majina mengine niliyo nayo hayatamkiki mbele za watu. Alipomwoa Dada alikuwa karani wa ghala, mtu wa kuhesabu magunia. Dada ndiye aliyemwambia una sauti, una sura, nenda kasome. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa ameshakuwa mwalimu wa katekisimu kwa miaka, na Biblia anaijua kama anavyojua mishono. Basi jioni Shemeji anakaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani anakariri masomo ya chuo, Dada anakanyaga. Mwanamume akikosea, gurudumu linasimama. Anarekebishwa, gurudumu linaendelea. Nilikuwa napita na chai yangu nawaona, nikasema moyoni, haya ndiyo mapenzi, sisi wengine tunabahatisha.

Alipomaliza chuo akaanza kujipulizia manukato. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya uinjilisti. Kumbe ni mambo ya Soprano.

Soprano ni yule anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, na jina hilo nimempa mimi. Msichana mzuri, sitampunguzia, na kichwa chake nilikuwa nikikisuka mimi mwenyewe, namnyoosha mistari kwa uangalifu wote, sijui nampambia nani. Siku niliyojua nilimkuta kakaa kwenye kiti changu anasubiri zamu. Nikamwambia mkono unaniuma. Akaelewa, akachukua mkoba wake akaenda kusukwa kwingine.

Shemeji aliondoka asubuhi moja Dada akiwa amekwenda ofisi ya askofu kupima watu. Alibeba begi, akapanga chumba nyuma ya soko. Hilo peke yake tungelimeza, wanaume wanaondoka kila siku. Lakini huyu akaenda kwa wazee wa kanisa akawaambia kwamba Dada ndiye aliyemwacha. Ati amemfungia moyo, amemkimbia ndani ya ndoa. Mtu yumo ndani ya nyumba ileile, anapika kwenye sufuria zilezile, anafua mashuka yaleyale, halafu ndiye aliyeondoka. Na wazee, ambao wamekula naye na kucheka naye, wakaamini.

Dada akatengwa na meza ya Bwana. Kwa asiyejua, maana yake ni hii: unakaa benchi la nyuma kabisa, mkate ukigawiwa unakupita, kikombe kinakupita, na watu wanapita kwenda mbele wakikukwepa kwa magoti. Darasa lake la katekisimu wakampa mtu mwingine. Watoto aliowafundisha sala wakawa wanamwamkia kwa woga. Nilikaa naye kwenye lile benchi kila Jumapili, na nawaambia, roho ilikuwa inaniwaka mpaka nyimbo sizisikii.

Sasa kwa nini mtu amzushie mkewe hivyo? Ni kwa sababu ya desturi ya kanisa letu. Kwetu mwinjilisti akipanda kuwa mchungaji, joho anavishwa na mkewe. Mbele ya watu wote mke analiinua, anamwekea mabegani, anamfunga vifungo mpaka shingoni, ndipo askofu anaweka mikono. Pasipo mke hakuna joho. Shemeji alikuwa amepangiwa kuvishwa mwaka ule, na mikono aliyoitaka shingoni mwake ilikuwa ya Soprano. Aliyeachwa kanisa humruhusu kuoa tena, aliyeacha hapana; basi ili wazee wambariki Soprano awe mkewe, ilibidi Dada awe ndiye mkosaji.

Mimi nilikuwa na mipango yangu. Nilifikiria upupu. Nilifikiria kwenda sokoni pale kwenye chumba chake nikampe za uso wauza vitunguu wote wakisikia. Dada aliniacha nimalize kutoa povu, akachomoa pini mdomoni, akasema, "Mimi nataka kitu kimoja. Asimame pale mbele, watu wote wamtazame, na asivae."

Halafu ofisi ya kanisa ikaleta oda ya joho lenyewe. Kwa nani tena, kama si kwake? Fundi wa majoho ni mmoja. Nikamwambia kataa, waambie cherehani imekufa. Hakukataa. Vipimo hata hakuvitazama, mwili ule aliujua. Akakata kitambaa kizuri kabisa, akashona mshono maradufu, akapiga pasi kola mpaka ikasimama yenyewe. Nikamuuliza kama amerogwa. Akasema kama mtu hatalivaa, lazima liwepo la kutokuvaa.

Wakati huohuo Shemeji akaanzisha mafundisho ya Jumapili alasiri, akayaita Taifa Lililoachwa. Alikuwa anatengeneza njia, hilo hata kipofu angeliona. Alisimama kwenye mimbari na ile sauti yake ya asali akaeleza jinsi Mungu alivyowachagua Wayahudi kwanza. Akawapa torati, akawapa manabii, akawaita mke wake. Lakini wakawa wakavu, wakawa wagumu, Mwana alipokuja wakamfungia mlango. Mungu afanye nini? Mungu naye ana moyo. Akawaacha, akajitwalia bibi arusi mpya, ndiye kanisa, kijana, mwenye kuimba. Alipofika hapo kwenye kuimba akatazama upande wa kwaya, na watu wakaitikia amina. Dada alikuwa amenishika kifundo cha mkono, na kucha zake zikaniacha alama.

Tulipofika nyumbani aliangua kicheko. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu begi liondoke.

"Ananihubiri mimi," alisema. "Kawavua Wayahudi wote nguo zao akanivisha mimi."

Kisha kicheko kikakatika, na hapo ndipo nilipoona hasira yenyewe, maana ilikuwa mara mbili. Ya kwanza ya kwake. Ya pili ya somo. Alinikalisha kwenye kile kigoda akanieleza kama anavyowaeleza watoto wa kipaimara. Kwamba Yesu ni Myahudi, mama yake Myahudi, mitume wake Wayahudi, zaburi tunazolilia kwenye misiba yetu ni zao. Kwamba kwenye ahadi aliyopewa Ibrahimu hakuna mahali Mungu alipoandika, nitakuwa wako mpaka nitakapochoka. Kwamba mtume aliyetuletea Injili sisi mataifa, naye Myahudi, aliulizwa swali hilohilo, kama Mungu amewatupa watu wake, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akasema ni mzeituni, na sisi ni matawi ya mwituni yaliyopandikizwa, tukae kwa adabu, maana shina ndilo linalotubeba. Akasema Mungu akishamwita mtu hajuti.

"Sisi tumekaribishwa mezani kwa watu," Dada alisema. "Sasa mgeni anasimama anatangaza kwamba mwenye nyumba amefukuzwa."

Na akaniambia jambo ambalo sikulijua, mimi na nywele zangu. Kwamba somo hilo la Shemeji si jipya. Limehubiriwa karne na karne nchi za watu, na waliolisikia walitoka ibadani wakaenda kuchoma nyumba za Wayahudi na wenyewe wamo ndani. Watu waliobatizwa. Watu wenye kwaya.

Askofu akaja Jumamosi. Kwetu kabla mtu hajavishwa Jumapili, Jumamosi yake anahubiri mahubiri ya mtihani, askofu akiwa amekaa mbele na waumini wote wakiwapo, na akimaliza, yeyote aliyebatizwa anaweza kusimama kumuuliza. Mara nyingi huulizwa vitu vya heshima, mtumishi tueleze kidogo kuhusu sadaka, watu waende kula. Askofu wetu ni mzee mfupi anayechukia mahubiri marefu na ana tabia ya kufumba macho mpaka unadhani kalala.

Shemeji angeweza kuhubiri chochote. Angechukua mwana mpotevu akapita salama. Lakini alikuwa na haja ya kumlainisha askofu kuhusu Soprano, basi akachagua somo lilelile la taifa lililoachwa, na akalipamba. Joho lilikuwa limetundikwa kwenye mti wa kutundikia nguo kando ya mimbari, jeusi, limenyooka, likisubiri kesho. Soprano alikaa mstari wa mbele na gauni jipya. Mimi na Dada tulikuwa kule kwetu nyuma.

Alihubiri vizuri, acha niseme haki. Alipomaliza hata mimi nilikuwa karibu kuamini kwamba Mungu aliondoka na begi.

Askofu akafumbua macho, akauliza kama kuna swali. Dada akasimama. Kanisa zima likageuka, mabenchi yakalia. Mzee wa kanisa mmoja akainuka haraka akasema mama huyu ametengwa.

"Ametengwa na meza," askofu akasema. "Hajatengwa na swali. Sema, mama."

Dada alikuwa ameshika mgongo wa benchi la mbele yake. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani.

"Mwinjilisti, Mungu aliwaapia Wayahudi kwamba watakuwa watu wake?"

Shemeji akasema ndiyo, aliwaapia, lakini ukaidi wao ndio uliomfanya ageuke. Dada akamuuliza kama sisi kanisa si wakaidi. Watu wakacheka kidogo, maana wiki ileile wazee wawili walikuwa wamegombania funguo za stoo. Shemeji naye akatabasamu, akasema sisi tuko chini ya neema.

"Basi nieleze jambo moja tu, niketi. Kama aliapa kwa wa kwanza, halafu akageuka, huyu wa pili analala usingizi kwa dhamana gani?"

Niliona shingo ya Soprano ikinyooka pale mbele. Shemeji akapanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangika, na akasema neno ambalo naamini analijutia mpaka kesho.

"Wa pili anapendwa zaidi."

"Na wa kwanza aliambiwa hivyohivyo," Dada akasema, akaketi.

Soprano hakugeuka nyuma kumtazama Dada. Alikuwa anamtazama Shemeji, na alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma bei upya baada ya kuambiwa duka linafungwa.

Askofu akasimama. Kwa ufupi wake alionekana mrefu siku ile. Alimwambia Shemeji ajibu neno moja, Mungu amewatupa watu wake au hakuwatupa. Akamwambia pia afikiri kabla ya kujibu, kwa sababu akisema amewatupa, basi hapa tunamwabudu Mungu asiyeshika kiapo, naye hawezi kumwekea mikono mtu wa kumtangaza Mungu huyo. Na akasema somo hilo limeua watu wengi kuliko tauni, na waliowaua walikuwa wakiimba nyimbo kama hizi zetu. Hakupaza sauti.

"Hakuwatupa," Shemeji akasema. Tulimsikia kwa shida.

"Basi ulikuwa unatuhubiria nini?"

Askofu akauliza jambo la pili, ambalo nadhani alikuwa nalo tangu Dada aliposimama. Akauliza mke wako yuko wapi. Na kanisa zima, pasipo mtu kuamrisha, likageuka tena kutazama benchi la nyuma. Akawauliza wazee ni nani anayeishi kwenye nyumba ya ndoa na ni begi la nani lililotoka. Wazee walitazama viatu vyao. Mmoja akaanza kueleza kwamba kiroho mtu anaweza kuondoka huku mwili umebaki, askofu akamwinulia kiganja, akanyamaza.

Yakaisha hapohapo. Dada arudi mezani, arudi darasani kwake. Mwinjilisti havai kesho. Akapatane na mkewe wa kwanza, tena wa pekee, na siku mkewe huyo atakapokuwa tayari kumfunga vifungo, askofu atakuja. Shemeji alisimama pale mbele, watu wote wakimtazama, joho pembeni yake, hana pa kuweka mikono. Soprano aliinuka akatoka kwa mlango wa pembeni na hakuufunga.

Nilifurahi, sitadanganya. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha aibu ikapita nikaendelea kufurahi. Njiani nilikuwa naruka kama mtoto. Dada hakuruka. Aliniambia kuna kitu kinamkera, kwamba amewachukua watu wasiomjua, wenye misiba yao mikubwa, akawatumia kumpiga mume wake. Nikamwambia aliyeanza kuwatumia ni Shemeji. Akasema anajua, na kwamba hata hivyo atawaombea.

Alasiri hiyohiyo mlango ukagongwa. Mimi nilikuwa pale, nisingekosa. Alikuwa Shemeji na begi lake, na nyuma yake wazee wa kanisa wawili, mmoja akiwa yule wa kiroho. Inaelekea kule nyuma ya soko alikuwa ameshaoneshwa njia na Soprano. Manukato hana. Dada alikuwa anapinda ukingo wa joho la mtu mwingine, akaja mlangoni na kitambaa mkononi.

Shemeji aliongea vizuri kuliko asubuhi. Alisema ameaibishwa na amestahili. Alisema maneno ya Dada yamemchoma, kwamba ni kweli, agano halivunjwi, anayependwa kwanza hatupwi. Na kwa sababu ni kweli, amerudi. Mimi niliona anakotupeleka. Mtu huyu alikuwa amechukua kisu alichochomwa nacho na anakitumia kufungulia mlango.

"Mke wangu," akasema, "wewe mwenyewe ulilisema mbele ya askofu. Mungu hamwachi aliyemwita. Nifungulie."

Yule mzee wa kiroho akasogea mbele. Akasema kwa upole kabisa kwamba mama ashukuru, haki yake imeonekana. Lakini mumewe amerudi na wao ni mashahidi, na akimfungia mlango sasa, basi atakuwa kweli ndiye aliyemwacha. Meza aliyorudishiwa asubuhi itafungwa tena, na safari hii hakuna askofu atakayemtetea. Darasa vilevile. Akasema afikiri, kwani kesho ni Jumapili.

Nilimtazama dada yangu. Nilijua benchi lile la nyuma lilivyomla. Nilijua alivyokuwa akifumba macho kikombe kikipita, na jinsi watoto wale walivyomkosa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikatamani asiwe na kiburi changu. Karibu nimwambie fungua, vumilia, mvishe huyo joho lake yaishe.

Alichomoa pini iliyobaki mdomoni, akaichoma kwenye kitambaa ili isipotee. Akawatazama wale wazee kwanza, halafu mumewe, na hakuwa na haraka hata kidogo.

"Niliyosema kanisani ni kweli yote," akasema. "Mungu akishamwita mtu hajuti. Mimi nimejuta. Wazee, andikeni kwamba nimemwacha, na safari hii hamtakuwa mmedanganya."

Akafunga mlango. Mimi nikaongeza komeo.